GURUDUMU LINALOCHEZA: JINSI EKSELI NA BERINGI ZA BODABODA ZINAVYOKUFA NA KUTENGENEZWA

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa ninaotaka kuueleza leo haukufika hata nusu milimita, nao ulikuwa ndani ya gurudumu la nyuma la pikipiki ya kaka yangu. Muhula mzima tulidhani tumeuziba. Kumbe tulikuwa tunaupaka rangi tu juu juu.

Hapa Voi hakuna asiyeijua bodaboda. Ukitaka kwenda Sofia, Mwakingali, Birikani, kupanda Sagalla au kukimbilia Mwatate, ni pikipiki. Hubeba wanafunzi, wagonjwa, mitungi ya maji, magunia ya makaa, mbuzi, na siku moja nimeona kwa macho yangu kitanda kizima na mwenye kitanda amekaa juu yake. Kwetu nyumbani pikipiki hiyo ndiyo inayolipa chakula changu cha mchana shuleni. Ikilala siku tatu, mimi nami nashinda njaa siku tatu. Kwa hiyo siandiki makala haya kwa sababu napenda grisi, ingawa kusema kweli naipenda.

Muhula wa pili mwaka jana beringi za gurudumu la nyuma zilikufa mara tatu. Mara ya kwanza hatukushangaa, kwa kuwa zilikuwa zimekula miaka. Fundi mmoja wa kandokando ya barabara akazibadilisha kwa muda wa nusu saa, kaka akasifu kwamba huyu jamaa ana mkono mwepesi. Baada ya wiki tano zikaanza kulia tena. Fundi akasema, "Hizo zilikuwa feki," akaweka nyingine. Hizo nazo hazikumaliza wiki tatu. Siku hiyo kaka alikuwa anashuka kutoka Wundanyi kuja Mwatate, ile barabara ya kona zinazojikunja kama nyoka aliyekanyagwa, akiwa na mama mmoja na kikapu chake cha mboga. Kwenye kona, nyuma ya pikipiki ikacheza kama mkia wa ng'ombe afukuzaye nzi. Akakanyaga breki, breki ikashika ghafla halafu ikaachia. Bahati yake alikuwa upande wa mlima, si upande wa bonde. Akajiegesha kwenye ukingo wa udongo. Yule mama akashuka, akachukua kikapu chake, wala hakudai nauli yake irudishwe. Alisema tu, "Mwanangu, hii kitu yako itaua mtu," akaendelea kwa miguu.

Pikipiki ililetwa Voi juu ya pikapu. Safari hii tuliipeleka kwa mzee mmoja fundi, mtu wa maneno machache. Alimwuliza kaka, "Beringi umebadilisha mara ngapi?"

"Mara mbili, mzee."

"Na kile kinachoziua umekitoa?"

Tukatazamana.

Sasa msomaji, kabla sijaendelea, wacha nieleze mle ndani mna nini, maana wengi wetu tunapanda bodaboda kila siku bila kujua tunakalia nini. Ekseli ni chuma cha mviringo, kirefu, kinachopita katikati ya gurudumu kutoka mkono mmoja wa foki ya nyuma hadi mkono wa pili, kisha hukazwa na nati. Watu wengi hudhani ekseli huzunguka pamoja na gurudumu. La hasha! Katika pikipiki ekseli imesimama tuli, gurudumu ndilo linalozunguka. Kinachotenganisha kilichosimama na kinachozunguka ni beringi. Kila beringi ina pete mbili za chuma kigumu, ya ndani na ya nje, na katikati yake gololi zilizopangwa duara. Pete ya nje imebanwa ndani ya kitovu cha gurudumu na huzunguka nacho. Pete ya ndani imeshikana na ekseli nayo haitakiwi kuzunguka hata kidogo. Gololi ndizo zinazobingirika katikati.

Pikipiki nyingi za boda zina beringi tatu huko nyuma: mbili ndani ya kitovu, moja kila upande, na ya tatu ndani ya kibebeo cha sproketi, pale cheni inapovuta. Na katikati ya zile mbili za kitovu kuna kitu ambacho ndicho kiini cha makala haya. Ni kijibomba cha chuma tu, hakina meno, hakizunguki, hakina sura ya kumvutia mtu. Mafundi hukiita spesa. Ekseli hupita ndani yake. Ncha yake moja hugusa pete ya ndani ya beringi ya kushoto, na ncha ya pili hugusa pete ya ndani ya beringi ya kulia.

Kazi yake ni hii. Ukikaza nati ya ekseli, unabana vitu vyote vilivyo kwenye mstari: mkono wa foki, bushi, pete ya ndani ya beringi, spesa, pete ya ndani ya pili, bushi, mkono wa foki. Vyote hivyo vinakuwa kama nguzo moja. Pete za ndani haziwezi kuzunguka kwa sababu zimebanwa, wala haziwezi kusogeleana kwa sababu spesa imezizuia. Nati unaweza kuikaza kwa nguvu zote na gurudumu likaendelea kuzunguka laini kama maji.

Ondoa spesa, mambo yanageuka. Ukikaza nati, pete za ndani zinavutwa kuelekeana, gololi zinabanwa kwa ubavu na gurudumu linakuwa zito. Fundi akiona limekuwa zito, anafanya nini? Analegeza nati kidogo mpaka lizunguke vizuri. Anakuonyesha, "Unaona, iko sawa!" Nawe unalipa. Lakini nati ikilegea, pete ya ndani haijabanwa tena, inaanza kuteleza na kuzunguka juu ya ekseli. Chuma cha beringi ni kigumu kuliko chuma cha ekseli. Basi ekseli inaliwa.

Yule mzee alipochomoa ekseli yetu, hakukuwa na spesa. Fundi wa kwanza aliitoa ili apate nafasi ya kupitisha nondo yake ya kugongea, akasahau kuirudisha, ama ilibingirika mtaroni, sijui. Na ekseli yenyewe ilikuwa na mikanda miwili iliyochimbika, pale pale beringi zinapokaa, mmoja umegeuka rangi ya samawati kwa joto. Kulikuwa pia na unga wa kahawia kama wa kahawa. Mzee alisema hiyo ni kutu ya chuma kinachosuguana na chuma kikavu.

Mimi nikaiomba ekseli ile, nikaja nayo shule ndani ya mkoba, na mwalimu wetu wa fizikia akaniruhusu kuipima kwa mikrometa. Mahali pasipoguswa palisoma milimita 14.97. Kwenye mkanda wa upande wa cheni palisoma 14.58. Tundu la beringi ni milimita 15. Kwa hiyo kulikuwa na nafasi ya takriban milimita 0.4. Wenzangu wa kidato cha tatu walicheka: eti hiyo ndiyo ilitaka kumwangusha kaka yako bondeni?

Naam, ndiyo. Hesabu yenyewe si ngumu. Beringi zile mbili zimeachana kama sentimita 7. Kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingoni ni kama sentimita 30. Ikiwa kila beringi ina uhuru wa milimita 0.4, gurudumu linaweza kulala upande huu kisha upande ule, na kule ukingoni mchezo huo unafika zaidi ya milimita 3. Hapo sijahesabu gololi zenyewe zilizochakaa. Gurudumu likilala, viatu vya breki vinagusa upande mmoja tu wa ngoma, vinauma na kuachia. Cheni nayo inavutwa kombo. Ndiyo mkia wa ng'ombe huo.

Ukitaka kujua kama pikipiki yenu ina ugonjwa huu, isimamishe kwa stendi ya katikati, tairi ya nyuma ikae hewani. Shika tairi mkono mmoja juu na mwingine chini. Mzee hutuambia, "Shika saa sita na saa kumi na mbili," na hapo rafiki yangu mmoja alichanganyikiwa kwa sababu alifikiria saa ya Kiingereza akaanza kutafuta saa kumi na mbili juu. Haidhuru, ni juu na chini vilevile! Sukuma huku ukivuta. Ukisikia "kata, kata", kuna mchezo. Lakini usikimbilie kulaumu beringi. Mwenzako ashike foki ya nyuma kwa nguvu, nawe urudie. Kama foki ndiyo inayotikisika pamoja na gurudumu, basi bushi za foki ndizo zimekwisha, na hiyo ni hadithi nyingine. Kama foki imetulia na gurudumu linacheza, tatizo liko kwenye kitovu. Halafu zungusha gurudumu polepole huku umeweka vidole juu ya foki. Beringi nzima huisikii. Iliyoharibika utaihisi inakwaruza kama mchanga kwenye chapati.

Njia nyingine ni joto. Ukimaliza safari ambayo hukutumia breki sana, gusa kitovu kwa uangalifu. Kikiwa cha moto kuna kitu kinabana. Kipimo hiki si kipya. Reli ilipita hapa kwetu mwishoni mwa karne ya 19, na mabehewa ya siku zile hayakuwa na gololi, ekseli ilizungukia juu ya chuma laini kilicholoweshwa mafuta. Mafuta yakikauka, chuma kilipata moto hadi kutoa moshi, na ekseli ikaweza kukatika. Ndiyo maana katika reli palikuwa na watu ambao kazi yao ilikuwa kukagua mafuta na joto la ekseli kila treni iliposimama.

Sasa kazi yenyewe. Nitaeleza kama tulivyofanya. Injini izimwe kwanza, na ninasisitiza hili kwa kuwa nimemwona kijana mmoja aliyepoteza ncha ya kidole akifuta cheni huku gurudumu linazungushwa na injini. Tulifungua fimbo ya breki, tukalegeza vikaza-cheni, tukafungua nati, tukachomoa ekseli. Ekseli ikikataa kutoka usiigonge kwenye nyuzi zake. Rudisha nati hadi iwe sawa na ncha, weka kipande cha mbao, ndipo ugonge. Gurudumu likatoka, kifuniko cha breki upande mmoja, kibebeo cha sproketi na mipira yake upande wa pili. Tukaondoa sili.

Kuitoa beringi kuukuu kwa kawaida husumbua kidogo: unaingiza nondo kutoka upande wa pili, unaisukuma spesa pembeni upate ukingo wa pete ya ndani, unagonga kidogo huku, kidogo kule, kwa kuzunguka, ili itoke sawasawa. Sisi kwa kuwa hatukuwa na spesa zilitoka kwa urahisi wa aibu.

Mzee alikata mojawapo kwa grainda ili nione ndani. (Usiipasue kwa nyundo, chuma chake ni kigumu na huruka vipande, jicho likaenda.) Kwenye njia ya gololi palikuwa na vishimo vidogo vilivyopangana kwa nafasi sawa, kila gololi na kishimo chake. "Hii ilipigwa ikiwa mpya," akasema. Yaani fundi wa kwanza alipoingiza beringi aliigonga kwenye pete ya ndani. Kila pigo lilipita kwenye gololi, na gololi zikachora njia yake kabla pikipiki haijatembea hata mita moja. Kwa hiyo ile habari ya feki haikuwa na msingi. Bandia zipo, siwezi kukataa, lakini hizi ziliuliwa na nyundo na kukosekana kwa kijibomba.

Tukaenda kununua. Hapa nilijifunza kitu nilichokipenda sana. Ubavuni mwa beringi huandikwa namba, na namba ile ni lugha. Yetu ilikuwa 6202. Ile 6 yasema ni beringi ya gololi za safu moja, 2 inayofuata yaeleza ukubwa wa mwili wake, na 02 ya mwisho ni tundu la ndani. Ikiwa 00 tundu ni milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17. Kuanzia 04 na kuendelea unazidisha kwa tano tu: 04 ni 20, 05 ni 25. Kwa hiyo 6202 ni tundu la milimita 15, upana wa nje 35, na unene 11. 6302 ina tundu lile lile la 15 lakini nje ni 42, haiwezi kuingia mahali pa mwenzake hata ukiibembeleza. Ukiona 2RS baada ya namba, ina mfuniko wa mpira pande zote mbili. Ukiona ZZ, mfuniko ni wa bati. Kwa vumbi letu jekundu, na maji ya pampu wanayopigia pikipiki pale wanapooshea, mzee alitaka ya mpira. Alisema pampu ile ndiyo ilianza kuziua zile za kwanza kabisa, kwa sababu huelekezwa kwenye kitovu moja kwa moja, maji yakapita sili na kuosha grisi.

Tulinunua beringi tatu, sili, na ekseli mpya. Kaka aliguna kuhusu ekseli. Alisema si ile ya zamani ijazwe kwa kuchomelewa halafu ikerezwe? Mzee akakataa. Akaeleza kuwa ekseli imepikwa kwa joto maalumu kiwandani ili iwe ngumu bila kuvunjika. Ukiichomelea unaharibu upishi ule na inaweza kukatika siku yoyote, na ikikatika hakuna fundi atakayekutengeneza wewe. Spesa ndiyo ilitutesa. Dukani hawakuuza peke yake. Tukapata moja kutoka kitovu cha pikipiki iliyokufa, mzee akailinganisha urefu na umbali kati ya vikalio vya beringi, kwa kuwa spesa iliyo fupi hata kwa milimita moja ni ndugu ya spesa isiyokuwepo.

Kisha akakagua vikalio vyenyewe. Beringi mpya ikiingia kwa kusukuma kidole gumba tu, kikalio kimepanuka. Mafundi wengine huzungushia kipande cha bati la mkebe. Hiyo inakufikisha nyumbani, lakini beringi hukaa upande. Dawa ni kumpelekea mkerezaji atie bushi, au kubadilisha kitovu. Vya kwetu vilikuwa vizima, Mungu saidia.

Sasa sikia ujanja wa mzee. Ilikuwa saa sita mchana, na jua la Voi mnalijua. Alilaza gurudumu juani juu ya gunia, na beringi mpya akazitia kwenye karatasi ya nailoni akaniambia nizipeleke friji ya soda ya duka la jirani. Tulikaa kama saa nzima. Nilikumbuka somo la kutanuka kwa vitu. Kitovu ni cha aluminiamu, ambayo hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Tuseme kitovu kimepanda kutoka nyuzi 25 hadi 55: kikalio cha milimita 35 kinapanuka kama milimita 0.024. Beringi ikishuka kutoka 25 hadi 5 inanywea kama 0.008. Jumla ni milimita 0.03 hivi, chini ya unene wa unywele wa mtu. Ni kidogo sana lakini ndiyo tofauti kati ya kupigana na kuelewana. Beringi ziliingia kwa mapigo machache, tena tulitumia pete ya nje ya ile beringi tuliyoikata, tukaiweka juu ya pete ya nje ya mpya na kugonga hapo. Pete ya ndani haikuguswa.

Mpangilio ni huu: beringi ya kwanza iingie hadi mwisho, spesa ifuate, halafu beringi ya pili iingie mpaka pete yake ya ndani iguse spesa, isipite hapo. Ukiigonga zaidi unazibana gololi kwa ubavu kama mwanzo. Tukapaka ekseli grisi nyepesi kuzuia kutu, tukarudisha kila kitu, tukalinganisha alama za vikaza-cheni kushoto na kulia, cheni ikaachiwa mchezo wa sentimita mbili hadi tatu. Nati ikakazwa barabara. Gurudumu likazunguka, na halikuwa zito.

Kaka aliuliza zitakaa muda gani. Mzee hakutaja miezi, alimwuliza anabeba abiria wangapi. Nikaja kusoma baadaye kuwa beringi za gololi zina kanuni yake: mzigo ukizidi mara mbili, maisha yake hayapungui nusu, yanashuka hadi moja juu ya nane. Sisi wa Kiswahili tuna neno lake, thumni, ndilo lililozaa sumuni ya senti hamsini. Beringi ambayo ingekaa miaka minne, ukiipakia maradufu siku zote inakaa miezi sita. Kaka aliposikia hivyo alinyamaza. Mishikaki ya abiria watatu hajaacha kabisa, nisimsingizie utakatifu, ila kwenda Wundanyi hupakia mmoja.

Tangu siku ile ni miezi saba. Kila Jumapili jioni mimi hushika saa sita na saa kumi na mbili, nasukuma, navuta, kimya. Ekseli ya zamani iko katika maabara ya fizikia, kwenye kabati la chini pamoja na mikrometa, na kidato cha pili wameshaipima. Mmoja wao alipata 14.50 kwa sababu alikaza mikrometa kwa nguvu kama nati ya gurudumu.